Mwaka Tuliotafuta Shamba Ndani ya Kompyuta

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, wajukuu zangu na wenzenu, wekeni simu chini kwanza. Najua Biblia nzima imo humo, ya Kiswahili na ya Kiingereza, na kuna mtu anawasomea kwa sauti nyinyi mmelala chali. Msiniambie Bibi ni mtu wa zamani haelewi. Naelewa. Nilielewa wengine wenu hamjazaliwa, kwenye kompyuta ya mezani ya Mwalimu Dina hapa Ngao, kubwa kama kreti la soda, inayonguruma kama kinu cha posho. Mimi niliishia darasa la tatu. Haya ninayaandika kwa mkono wangu, na Esta binti yangu atayapiga chapa. Nimemkataza kunyoosha maneno yangu. Mahali nilipozaliwa na mambo ya baba yangu siyaandiki, hayo waulizeni shangazi zenu. Nataka kuwaambia habari ya mwaka mmoja tu.

Nimeanza kuufikiria mwaka huo tangu tulipomzika Dina. Matanga yalipokwisha, binti yake aliniita chumbani nimsaidie kukunja nguo za mama yake. Kompyuta ilikuwa pale pale mezani pembeni, imefunikwa kitambaa cheupe alichokidarizi Dina mwenyewe, maua mekundu na jina la Bwana. Ilikuwa imekufa miaka mingi. Binti akaniuliza, "Mama Esta, hii tuitupe?" Nikakaa kitandani, nikamwambia asubiri kwanza. Watu hudhani mtu hufundishwa akiwa mtoto, akishaota mvi amekwisha. Mimi nilifundishwa nikiwa na wajukuu watatu na meno mawili yameng'oka.

Dina alikuwa mwalimu wa watoto wadogo, amestaafu. Mwanawe alikuwa Mombasa, na ofisi aliyofanyia kazi ilipobadilisha kompyuta zake, moja ya zile kuukuu akamletea mama. Ilifika imefungwa kwa blanketi. Mwezi mzima Dina aliitumia kuandika majina ya watoto wa Shule ya Jumapili, na mimi nilimcheka kwa sababu majina yale tulikuwa tunayajua kwa kichwa. Halafu akaitwa semina ya walimu wa Jumapili kule Garsen, akarudi na bahasha ya karatasi, na ndani ya bahasha sidii moja inang'aa. Juu yake paliandikwa kwamba ni ya bure, mtu anakili, anampa mwenzake, asiuze. Dina alinisomea maneno yale mara tatu. "Mama Esta, unasikia? Bure. Kuna watu wamekaa wakaiandika Biblia yote ndani ya kitu hiki, neno kwa neno, na hawataki hata senti." Nikamwambia, "Ya bure yana dosari. Subiri." Nilikuwa mtu wa kusema hivyo. Bado niko hivyo, lakini siku ile nilikosea.

Chumba cha mbele cha Dina kilikuwa na kochi mbili, meza ya kulia, na pazia la kijani ambalo jua la asubuhi lilipenya mpaka sote tukawa kijani. Stima ilikuwa nzuri zaidi asubuhi, basi tulikutana baada ya chai. Dina alipika ndizi mbichi kwa nazi, au sima ya jana iliyokaushwa kwenye mkaa, na chai ya maziwa aliyoyaleta Halima. Halima ni mama wa Kiorma, alivuka na maziwa kila siku kutoka upande wa ng'ombe wao. Dina hakumruhusu mtu kugusa vibonye kabla ya kunawa mikono kwa sabuni, kwa sababu ya mafuta ya samaki. Siku ya kwanza alinikalisha kwenye kiti chake, akaniambia, "Taja neno lolote." Halima alikuwa mlangoni na kibuyu chake, nikasema, "Ng'ombe." Dina akaandika, akabonyeza, na kabla sijameza funda la chai kioo kilikuwa kimejaa. Ng'ombe wa Ibrahimu, ng'ombe wa ndoto ya Farao, ng'ombe wa sadaka, wote wamepangwa mistari kama watoto wa shule gwarideni. Halima akaingia ndani, viatu mkononi.

"Na mwizi wa ng'ombe yumo?" akauliza.

Dina akatafuta. Yumo. Akamsomea kwamba aliyeiba ng'ombe mmoja akamchinja atalipa watano.

"Watano!" Halima akapiga paja. "Hiyo ndiyo serikali. Mwambieni chifu anunue mashine hii."

"Hainunuliwi," Dina akamjibu. "Ni bure."

"Basi hataitaka."

Tulicheka mpaka chai ikapoa. Lakini nilikwenda nyumbani nikiwaza. Mimi Biblia niliijua kwa masikio. Tangu msichana nilisikia mistari kanisani nikaishika, mia kwa mia, lakini sikujua inakaa wapi. Nikitaka kuipata nilikuwa nafunua kurasa kama mtu anayetafuta sindano kwenye debe la mchele, na kwa sababu nasoma polepole, ibada inakwisha mimi bado nafunua. Walioenda shule walinisomea, nami nikashukuru, na kila mara nilihisi nimeombaomba. Sasa kumbe neno moja tu ninalolikumbuka linatosha. Nalitaja, na mashine inanipeleka hadi mlangoni pake. Vibonye vyake vilikuwa vya Kiingereza lakini Biblia yenyewe ni ya Kiswahili chetu, na ukitaka, ya Kiingereza inasimama kando yake. Kulikuwa na ramani, mto Yordani umechorwa na vijiji vyake, nikauona mwembamba mno nikamwambia Dina huo si mto, ni mfereji. Nami mpaka leo nawaheshimu watu wale walioandika, ambao sikuwaona na hawakuniona. Kuna mtu alikaa akachapa majina ya vizazi vyote vile, fulani akamzaa fulani, akijua mama wa Ngao hatampa hata maji ya kunywa. Hao ni watu.

Mwaka ule mto ulifurika ukakaa mashambani muda mrefu, na maji yalipokuwa bado juu, Yohana akafariki. Yohana alikuwa mume wa dada yangu, na dada yangu alikuwa ametangulia zamani. Waliacha binti wawili, Rehema mkubwa na Salome, wala hakuna kijana wa kiume. Shamba la Yohana liko ukingoni, mahali maji yakishuka yanaacha udongo mweusi laini, ambao ukiutupia mbegu unakushukuru. Wasichana wale walililima na baba yao tangu wanajua kushika jembe. Hata arobaini haijatimia, Buya, kaka mkubwa wa Yohana, akaja na vijiti akavichomeka kuzunguka shamba lote, bado liko tope. Akawaambia, "Nyinyi mtaolewa muende. Shamba ni la ukoo. Maji yakikauka wanangu watapanda mpunga hapa."

Rehema alikuja kwangu ametapakaa tope hadi magotini. Hakulia. Alisema, "Mama mkubwa, baba mkubwa ametupimia shamba kama tumekufa sisi."

Nilivuka kwa Buya siku hiyo hiyo. Nilimkuta anakula, sima na kambare wa mchuzi, akanikaribisha nikakataa. Buya hakuwa mtu mbaya, muelewe. Alikuwa mtu wa kanisa, anaimba besi, akikuona na mzigo anakupokea. Lakini alikuwa na vijana watatu na shamba dogo. Nikamwambia sheria ya nchi inampa binti urithi sawa na mwana, Mwalimu Dina amenieleza. Akanawa mkono taratibu.

"Shemeji, mambo ya korti tutazeeka nayo. Mimi ni Mkristo. Nionyeshe ndani ya Biblia mahali Mungu amempa mtoto wa kike shamba, nami nitang'oa vijiti vyangu kwa mkono huu."

"Umesema?"

"Nimesema mbele ya mke wangu."

Nikaenda moja kwa moja kwa Dina. Maji yalikuwa yanashuka, unaona kwenye miti alama ya tope inazidi kuwa juu ya maji kila asubuhi. Tulikuwa na wiki chache tu kabla ya kupanda, na mwenye kupanda ndiye angelikaa pale. Dina akaandika "shamba". Yakaja mengi mno. Akaandika "binti", yakaja mengi zaidi, binti Sayuni, binti za wafalme, binti wa kila aina. Tulisoma asubuhi mbili nzima, mimi nimesogeza uso mpaka karibu na kioo, yeye ananiambia nitapofuka. Halima alikuja na maziwa akatuuliza tunatafuta nini. Nikamweleza. Akasema, bila kiburi, kama mtu anayekutajia njia, "Kwetu dini imempa binti fungu lake. Liko wazi. Nyinyi hamna?" Neno lile lilinichoma. Nikamwambia, "Tunalo. Tunalitafuta." Sikuwa na hakika kama tunalo.

Siku ya tatu Dina alikumbuka kwamba mashine inakubali maneno mawili kwa pamoja. Akaandika "binti" na "urithi". Orodha ikawa fupi, na katikati yake kitabu cha Hesabu, sura ya ishirini na saba. Wasichana watano wa baba mmoja aliyekufa bila mtoto wa kiume. Wamesimama mbele ya Musa na wazee wote wakauliza kwa nini jina la baba yao lipotee kwa kukosa mwana, wapewe na wao pamoja na ndugu za baba yao. Musa hakujua la kujibu, akampelekea Mungu, na Mungu akasema wasichana wana haki, wapewe. Nilimwomba Dina asome tena. Kisha nikasoma mwenyewe, kidole juu ya kioo, herufi kwa herufi. Miaka yote ile kanisani, sikuwahi kusikia habari hii ikisomwa. Ilikuwa imekaa ndani ya kitabu kama nguo mpya ndani ya sanduku. Bila programu ile ningekufa sijaiona, na wasichana wangekosa shamba, na Buya angeendelea kuimba besi kwa raha zake.

Dina aliandika mstari ule mmoja wa hukumu kwenye karatasi kwa herufi kubwa, ili nisikwame. Mimi sikutaka zaidi. Nilisema, "Huu unatosha. Huu ni rungu."

Jumapili baada ya ibada wazee walikaa katika chumba cha nyuma ya kanisa, kile chenye mabenchi na ngoma za kwaya. Mzee Komora aliongoza, yeye alikuwa mzee wa kanisa mkubwa kuliko wote, kiziwi wa sikio moja. Rehema na Salome walikaa mkekani. Nilisimama nikasoma mstari wangu, polepole, sikukosea hata neno. Mzee Komora akasema, "Rudia upande huu," akageuza sikio zima, nikarudia. Wanawake dirishani wakaanza kupiga vigelegele.

Buya akasubiri viishe. Akatoa karatasi mfukoni, imechapwa vizuri na mashine.

"Shemeji umesoma vyema. Umesoma sura ya ishirini na saba. Sasa tusikie ya thelathini na sita, kitabu hicho hicho." Akasoma. Kwamba wazee wa ukoo wa wasichana wale walikwenda kwa Musa kulalamika kuwa wakiolewa kabila lingine shamba litahama. Na Musa akaagiza waolewe na wampendaye, lakini awe wa kabila la baba yao tu, ili ardhi isihame. Akakunja karatasi. "Rehema ameposwa na nani?"

Kila mtu alijua. Rehema alikuwa ameposwa na Karisa, kijana Mgiriama, si wa kabila letu, fundi wa pikipiki pale Garsen.

"Basi," Buya akasema. "Neno lako limempa shamba, na neno lako hilo hilo limemnyang'anya. Achague, Karisa au shamba."

Rehema alinitazama. Mimi nilitazama karatasi yangu, ile yenye mstari mmoja, kama itaota mwingine. Mzee Komora akasema tukutane tena Jumapili nyingine, lakini niliona wenzake wamekwisha kukata shauri. Njiani Salome aliniuliza, "Mama mkubwa, hukujua kuna sura nyingine?" Mtoto hakuwa na ubaya.

Nilimkuta Dina akichambua mboga. "Buya amepata wapi karatasi ya mashine?"

"Mwanawe yule anayefanya kazi kwenye saiba ya Garsen, lile duka la kompyuta. Nilimnakilia sidii."

"Wewe?"

"Mimi. Aliniomba mwezi wa kwanza, kabla ya msiba."

"Dina, umempa adui yangu panga!"

Hakuinua kichwa. "Sidii imeandikwa usiuze. Haikuandikwa usimpe Buya."

Nilimwambia maneno ambayo siyaandiki hapa. Nilitoka nikauacha mlango wazi kwa makusudi kuku waingie. Siku mbili sikukanyaga kwake. Nilipika, nikafua, nikagombana na kila mtu. Kichwani nilikuwa namlaumu Dina, kisha nailaumu mashine, kwamba inakukatia mstari mmoja inakupa kama mnofu mkononi, haikuambii mnyama mzima yukoje. Siku ya pili jioni, nikiwa nafua mtoni, nikajiambia ukweli. Mashine haikuficha kitu. Chini ya ule mstari palikuwa na alama ya kuendelea, Dina alinionyesha kwa kidole, nami nikamwambia huu unatosha. Nilikuwa nimetafuta rungu, nikapata rungu, nikaondoka.

Nikarudi kwake asubuhi. Alikuwa ameniwekea kikombe mezani, siku zote mbili alikiweka, Halima ndiye aliyeniambia baadaye. Sikuomba radhi kwa mdomo, sikujua kufanya hivyo. Nilinawa mikono kwa sabuni mara mbili nikakaa kwenye kiti. "Fungua ya thelathini na sita," nikasema, "na usinisomee. Nitasoma mimi, yote, kutoka juu."

Ilinichukua asubuhi mbili, kwa sababu stima ilikatika katikati. Ni sura fupi, nyinyi mngeimaliza kabla chai haijapoa. Mimi kila neno nilililima. Nikafika mahali Buya aliposoma, nikapita. Nikafika mahali karatasi yake ilipoishia. Nikaendelea. Na pale chini, kwenye mistari ya mwisho kabisa, nikasoma kwamba wasichana wale watano walitii wakaolewa, na walioolewa nao ni wana wa ndugu za baba yao.

Nikasoma tena. Nikamgeukia Dina. "Wana wa ndugu za baba yao ni akina nani?"

"Watoto wa baba mdogo na baba mkubwa."

"Yaani kaka zao."

Dina akaweka kikombe chini. Tulitazamana. Kwetu, muelewe nyinyi mnaokulia mijini, mtoto wa kaka ya baba yako si binamu. Huyo ni ndugu yako, tumbo moja. Ukimtazama kwa jicho lingine unatengwa, na wazee wanakuja kuisafisha nyumba. Hakuna mtu wa Ngao atakayeitamka posa hiyo, hata kwa mzaha. Dina akaanza kucheka kwanza, bila sauti, mabega tu. Halima alipoingia alitukuta tumeshikana, machozi yanatutoka, akadhani kuna msiba. Dina alipomweleza, akakaa chini na kibuyu chake. "Buya ana vijana wangapi?" Watatu. "Na wasichana wawili. Basi mmoja atabaki amenuna."

Lakini nilipokwisha kucheka nilifungua pia sura ile ya ishirini na saba, nikaisoma yote, na Dina akanionyesha ile ramani ya makabila, kila moja na eneo lake limepakwa rangi. Niliona nimetumia mwaka mzima kuisifu mashine kwa jambo dogo. Sifa yake si kwamba inatafuta upesi. Sifa yake ni kwamba ukishafika imekuwekea kila kitu, wala haikimbii, hata kama wewe ni mama wa darasa la tatu unayesoma kwa kidole. Inakungoja.

Jumapili ya pili chumba kilijaa mpaka watoto wakakaa juu ya ngoma. Nilisimama bila karatasi. Dina alibeba Biblia ya kawaida, tumeweka alama. Nikasema, "Kwanza, Jumapili iliyopita nilisoma kipande. Nilikosa. Buya naye alisoma kipande. Leo tusome sura yote." Nikasoma. Nilichukua muda mrefu, watu wakaanza kukohoa, Mzee Komora akawakemea. Nilipofika ile mistari ya mwisho nilipunguza mwendo zaidi.

Mtu mmoja nyuma akasema, "Eh!"

"Shemeji Buya," nikasema, "ulitaka sura ya thelathini na sita. Mimi nimekubali. Tuishike yote. Una vijana watatu, wote wameketi pale. Tuambie ni yupi anakuja kumposa dada yake, nami nipike."

Kijana wake mkubwa, yule wa saiba, aliruka kutoka kwenye benchi kama ameketi juu ya siafu. "Baba! Rehema ni dada yangu!" Dirisha lote likalipuka kwa kicheko. Rehema alifunika uso kwa leso, mabega yanatikisika. Mke wa Buya, ambaye mwezi mzima hakufungua mdomo, alisema kwa sauti, "Mume wangu, na mimi nataka kusikia jibu."

Buya alitoa karatasi yake, akaitazama mahali ilipoishia. Nilimwona akihesabu ile mistari mitatu aliyokosa. Niliogopa atatoka kwa hasira, kwa sababu mtu akichekwa mbele ya wanawe anaweza kuuma. Mzee Komora hakucheka. Akasema, "Buya, sharti lile lilikuwa la watu wale, ardhi yao isihame kabila. Ukilitaka, libebe mpaka mwisho wake. Huwezi kubeba kichwa ukaacha miguu barabarani." Kisha akamgeukia Rehema. "Na wewe, mwanangu, shamba hili utaliuza kwa wageni?"

"Siuzi, babu," Rehema akajibu. "Nataka kupanda. Maji yameshuka jana."

Buya akasema neno moja tu. "Nilisema." Akatoka nje. Sisi tuliokaa tulidhani amekasirika, lakini vijana wakaja mbio kutuambia ameshuka ukingoni na nguo zake za Jumapili, anang'oa vijiti. Nilikwenda kuona kwa macho yangu. Alikuwa ameviweka kwapani vyote, tope limemfika kwenye suruali nzuri, na wanawe wanamfuata nyuma. Aliponipita akasema, "Shemeji, mwambie Mwalimu anionyeshe namna ya kuchapa sura nzima." Rehema alipanda mpunga wiki ile. Karisa alikuja kutoka Garsen kumsaidia, hajui kushika jembe la tope, Buya ndiye aliyemfundisha, akimtukana.

Jumapili ile ile nikarudi nyumbani jioni mapema, jua bado lipo. Nyumba ilikuwa na furaha. Esta alikuwa amepika wali wa nazi na samaki wa kukaanga, na wote walikuwa wamekaa mkekani wakirudia maneno ya siku, wakimwiga Buya na karatasi yake. Mwanangu Daudi alikuwa amechangamka kupita wote. Mkewe alimwambia anyanyuke alete maji ya kunawa, yeye mikono yake imejaa sahani. Daudi akacheka, akainua kidole kama mhubiri, akamwambia asimtume, kwani Biblia imesema mke amtii mumewe, na hapo pamekwisha. Wengine wakacheka. Mkewe hakucheka. Aliziweka sahani chini.

Mimi nilikuwa bado sijavua viatu. Nikamwambia Esta afunike sufuria. Nikawaambia wote, wakubwa na wadogo, na amri hiyo ndiyo iliyopo mpaka leo katika nyumba yangu, kwa kitabu au kwa kompyuta au kwa simu, "Humu ndani, mtu akimpiga mwenzake kwa mstari atasimama, ataisoma sura yote kwa sauti, juu hadi chini, na ile mistari inayomwamuru mume ampende mkewe pia, huku yule aliyepigwa anamsikiliza, na hakuna atakayekula kabla hajamaliza. Daudi, simama. Mpeni Biblia. Anza mstari wa kwanza."